Kubadilisha shafti ya karasha la nyundo: kutoka mvunjiko hadi majaribio

Karasha la nyundo linalotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Geita, Kahama na Chunya ni mashine rahisi kuielewa. Injini ya dizeli au mota ya umeme huzungusha puli kwa mikanda, puli huzungusha shafti, na shafti hubeba nyundo zinazopasua mwamba kabla haujasagwa na kupelekwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu. Uzito wa nyundo, mvuto wa mikanda na kishindo cha kila jiwe vyote hupita katika shafti hiyo moja iliyolala juu ya beringi mbili. Inapokatika, mwenye karasha aghalabu hukimbilia karakana na vipande viwili mkononi, akamwagiza fundi akereze nyingine ya namna hiyohiyo. Agizo hilo huzaa mvunjiko wa pili, kwa sababu fundi mwaminifu ataiga kila kitu, pamoja na kasoro iliyoikata ya kwanza.

Kabla ya kufungua chochote, zima injini, vua mikanda yote na uondoe hendeli ya kuwashia. Kama ni mota, toa fyuzi ukae nazo wewe mwenyewe. Kisha zuia nyundo kwa gogo, maana rota (shafti pamoja na nyundo zake) isiyo na mkanda huweza kujizungusha kwa uzito wake na kukata vidole vya anayelegeza bolti.

Kusoma mvunjiko

Safisha uso wa mvunjiko kwa mafuta ya taa na brashi laini, wala usiupige msasa. Chuma kilichokatika kwa uchovu huonyesha sehemu mbili: moja laini, yenye mistari iliyopinda kama alama ambazo maji yanayokupwa huacha mchangani, na nyingine yenye chembe na mikwaruzo, ambayo ndiyo iliyoachia mwishoni. Fuata mistari hiyo kurudi nyuma na utafika mahali ufa ulipoanzia. Sehemu laini ikiwa imechukua karibu uso wote, mzigo haukuwa mkubwa kupita kiasi. Ufa ulikua polepole kutokana na kasoro ya umbo au ya uso wa chuma. Sehemu ya mikwaruzo ikiwa ndiyo kubwa, shafti ilikuwa nyembamba kwa kazi yake au karasha lilikuwa likilishwa kupita uwezo. Pasipo sehemu laini kabisa, na shafti ikiwa imepinda au imesokotwa, kuna kitu kigumu kilichoingia, kwa mfano tindo au kichwa cha nyundo ya mkono, na dawa yake ni kuyakagua mawe kabla ya kuyalisha.

Ufa wa uchovu una mahali unapopapenda. Huanzia kwenye kona kali ya bega, pale kipenyo kinapobadilika. Kwenye kona za njia ya kii, yaani mfereji wa kipande cha chuma kinachoshika puli na shafti zizunguke pamoja. Chini ya ukingo wa beringi iliyolegea, ambapo huonekana unga mwekundu wa kutu. Na mahali palipowahi kuchomelewa. Yaandike hayo kwenye karatasi ileile utakayochora vipimo, ili fundi ajue nini asikiige.

Vipimo na chuma

Usipime kipenyo cha kiti cha beringi (sehemu ya shafti ambayo beringi hukaa) kwa kutegemea shafti iliyolika. Soma namba ya beringi: tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 hutoa tundu lake kwa milimita, hivyo 22212 (beringi ya kubana) na UCP212 (beringi inayokuja na nyumba yake na kufungwa kwa skrubu) zote zina tundu la milimita 60. (Kanuni hii huanzia namba 04 kwenda juu.) Urefu wa mabega na njia za kii upime kutoka ncha moja tu ya shafti, maana ukipima kutoka bega hadi bega makosa madogo hujumlishana na puli haitakaa sambamba na ile ya injini. Kwa shafti ya milimita 60, kii ya kawaida ina upana wa milimita 18 na kimo cha milimita 11, na njia yake huingia milimita 7 ndani ya shafti. Puli ikikaa kwenye kipenyo cha milimita 50, kii ni 14 kwa 9 na njia ina kina cha milimita 5.5.

Chuma laini cha kawaida hakifai. Chagua EN8, chuma chenye kaboni ya wastani kinachokaribiana na kile kiitwacho C45, kwa karasha dogo. Kwa karasha linalopasua mwamba mgumu kutwa nzima, nunua EN19, yaani 42CrMo4, chuma chenye kromi na molibdeni, kilichokwisha kupikwa kwa joto kiwandani. Ekseli kuukuu ya lori hupendwa kwa sababu ni rahisi kuipata, nami siipendekezi: ngozi yake ngumu humsumbua mkerezaji, na nyufa zilizoanza barabarani hazionekani bila rangi maalumu ya kupimia. Kuunga shafti iliyokatika kwa kuchomelea ni kubaya zaidi, kwani chuma kilicho kando ya mshono huwa kigumu na chepesi kukatika, na kitakatika palepale pembeni mwa mshono.

Wengi hudhani tiba ni unene. Ni kweli kwamba nguvu ya kuhimili msokoto hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu (kipenyo × kipenyo × kipenyo): kutoka milimita 60 kwenda 65 huongezeka kwa karibu asilimia 27, na kushuka hadi 55 hupungua kwa karibu asilimia 23. Hata hivyo bega lenye kona kali linaweza kula faida hiyo yote, na ndiyo maana ningemlipa fundi zaidi kwa mviringo mzuri wa kona ya bega kuliko kwa chuma kinene.

Kukereza

Mwambie mkerezaji kwamba kila bega liwe na mviringo wa kona: milimita 3 au zaidi pasipo na beringi. Kwenye bega linalokutana na beringi 22212 mviringo usizidi milimita 1.5, la sivyo beringi haitakaa bapa. Ukitaka mkubwa zaidi, weka pete yenye kona iliyokatwa kati ya bega na beringi. Njia ya kii iishie kabla ya bega, na kona za chini yake zisiwe kali. Mikwaruzo ya kisu ing'arishwe kwa msasa laini, hasa kwenye mviringo wenyewe.

Beringi inayobanwa moja kwa moja kwenye shafti inahitaji kiti chenye kipenyo cha kati ya milimita 60.011 na 60.030, na hilo hupimwa kwa mikromita, si kwa venia, ambayo haisomi vipimo vidogo hivyo. UCP inayofungwa kwa skrubu huteleza kwa mkono, hivyo kiti chake kiwe kati ya milimita 59.98 na 60.00. Kabla ya kulipa, shafti izungushwe kati ya senta mbili (ncha zinazoishika kwenye mashine ya kukereza) huku daili geji, saa ya kupimia myumbo, ikigusa viti. Isiyumbe zaidi ya milimita 0.03.

Maelezo haya hayahusu karasha la taya. Shafti yake ina sehemu iliyohamishwa kando ya mhimili ili kulisukuma taya, na ni salama zaidi kuiagiza kwa mtengenezaji kwa kutumia namba zilizo kwenye kibao cha mashine.

Kufunga na kujaribu

Beringi ya kubana ipashwe joto katika mafuta safi hadi nyuzi 90 au 100 za Selsiasi, kamwe isivuke 120, kisha isukumwe hadi begani bila kupigwa nyundo. Ile iliyofungwa kwa mpira na kujazwa grisi kiwandani isitiwe katika mafuta. Kwa beringi za kubana, zuia moja isisogee na iache ya pili nafasi kidogo, kwa sababu shafti hurefuka inapopata joto. Jaza grisi theluthi hadi nusu ya nafasi iliyo wazi ndani ya nyumba ya beringi; ikizidi, beringi huchemka.

Puli ikae karibu na beringi kadiri inavyowezekana, kwani kila sentimita inayoongezeka huzidisha upindaji ambao shafti huupata katika kila mzunguko. Linganisha puli mbili kwa uzi uliovutwa nyusoni mwake, badilisha mikanda yote kwa pamoja, na ukaze hadi mkanda wenye urefu wa mita 1 kati ya puli ubonyee kama milimita 16. Nyundo zinazotazamana zipimwe kwenye mizani na zilingane uzito, hata kama ni kuukuu, kwa kuwa tofauti ndogo huwa mtikisiko mkubwa kwa mwendo wa kasi.

Rudisha kinga ya mikanda, kisha endesha karasha tupu kwa saa moja huku ukipima joto la nyumba za beringi kila baada ya dakika 10. Likipanda kisha likatulia chini ya nyuzi 70, lisha mawe madogo. Likiendelea kupanda, simamisha na ukague grisi na mpangilio. Baada ya zamu ya kwanza kaza upya bolti za beringi na mikanda, ambayo hulegea kidogo ikiwa mipya.