Kuangalia uchaguzi mdogo wa ubunge Kenya: kazi yote iko kwenye Fomu 35A, karatasi ya matokeo ya kituo

Katika uchaguzi mkuu nguvu za wanasiasa hutawanyika kwenye maeneo bunge 290. Katika uchaguzi mdogo magari, pesa na vijana wa kukodiwa humiminika mahali pamoja. Lakini jambo hilohilo humfaa mwangalizi raia: vituo ni vichache, kwa hiyo kikundi kilichojipanga kinaweza kuvifikia vyote.

Muda ni mfupi. Kiti kikibaki wazi, Spika ana siku 21 za kuiarifu IEBC, yaani tume ya uchaguzi, na kura sharti ipigwe ndani ya siku 90 tangu kiti kiwe wazi. Ombeni kibali cha uangalizi mara tarehe inapotangazwa, maana asiye na beji ya tume hapiti mlangoni. Pateni orodha ya vituo. Shule moja huweza kuwa na vyumba kadhaa vya kupigia kura, kila kimoja kikiwa na wapiga kura wasiozidi 700. Wekeni mtu mmoja kwa kila chumba, na wa akiba mmoja kwa kila vyumba kumi.

Fika saa kumi na moja na robo alfajiri, kabla vituo havijafunguliwa saa kumi na mbili. Hakikisha sanduku limeonyeshwa wazi likiwa tupu, kisha nakili nambari za lakiri. Wengi husahau hapa, na jioni hawawezi kusema kama lakiri ni zilezile za asubuhi.

Mchana, hesabu wanaopiga kura kila saa, na uandike saa mtambo wa KIEMS, unaotambua wapiga kura, ulipokwama na uliporudi. Wanaosaidiwa kupiga kura waangalie kwa makini: msaidizi anaruhusiwa kumsaidia mpiga kura mmoja tu. Ukiona uso uleule ukiwaingiza wazee watatu, andika saa ya kila mmoja. Usimkabili, mjulishe msimamizi wa kituo. Na ukiona mabasi ya wageni, andika ulichokiona, wala usiandike kwamba wamepiga kura. Daftari hufungwa tangu kiti kinapotangazwa kuwa wazi, na asiyemo humo hapigi kura. Kero ya wageni hao huwa vitisho vya nje ya lango.

Saa kumi na moja jioni kituo hufungwa, ila waliokwisha kuwa foleni hupiga kura. Usiondoke kwenda kula. Ubora wa kazi yako unapimwa sasa.

Wakati wa kuhesabu, kaa mahali unapoiona kila karatasi ikiinuliwa. Kisha fanya hesabu mbili. Ya kwanza: kura halali pamoja na zilizokataliwa zilingane na karatasi zilizotoka sandukuni, na zisizidi idadi ya wapiga kura waliotambuliwa na mtambo. Ya pili: karatasi zilizoletwa kituoni zilingane na jumla ya zilizotolewa kwa wapiga kura (bila zilizoharibiwa), zilizoharibiwa na zilizobaki. Karatasi iliyoharibiwa ni ile mpiga kura aliyoirudisha akapewa nyingine, haimo sandukuni. Kuichanganya na kura iliyokataliwa ndiko kunakozaa "wizi" mwingi ambao kumbe ni kosa la kujumlisha. Wakala wa mgombea au mgombea mwenyewe anaweza kudai kura zihesabiwe upya, lakini si zaidi ya mara mbili. Mwangalizi hana haki hiyo.

Piga picha Fomu 35A iliyobandikwa mlangoni. Iwe nzima: jina na nambari ya kituo juu, saini za mawakala chini, na sababu kama kuna aliyekataa kutia saini. Washa tochi kuondoa kivuli. Piga mara tatu, soma kila tarakimu kwenye simu, uitume kabla hujatoka uwanjani.

Kwenye kituo cha kujumlishia, mwenzako alinganishe kila picha na mstari wake katika Fomu 35B, inayojumlisha matokeo ya vituo vyote vya eneo bunge. Tofauti ikionekana, aandike tarakimu zote mbili na nambari ya kituo, ampe afisa msimamizi wa uchaguzi kwa maandishi, abaki na nakala yenye saa ya kupokewa. Msitangaze mshindi. Hilo ni la tume pekee.