Saikolojia, Sosholojia na Baiokemia za MCAT kwa Aliyekulia Nairobi

Kwanza wazee nyumbani waelezwe, maana simu za Jumapili huwa na swali lile lile: "Sasa wewe udaktari utaanza lini?" Hapa Nairobi kijana humaliza kidato cha nne, na KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ikimkubali anaitwa chuo kikuu kusomea udaktari moja kwa moja, miaka sita. Marekani kwa kawaida lazima uwe na shahada kwanza, ya somo lolote mradi umepitia kozi za sayansi zinazotakiwa, halafu ndipo ukalie MCAT, mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, unaosimamiwa na AAMC, jumuiya ya vyuo hivyo. Aliye Uingereza mtihani wake mara nyingi ni UCAT, ambao haukuulizi baiokemia wala sosholojia. Huyo aende tu akafanye mazoezi ya mantiki na hesabu. Yanayofuata hapa si yake.

MCAT ina sehemu nne. Tatu kati ya hizo zina maswali 59 kila moja kwa dakika 95, na ile ya ufahamu ina 53 kwa dakika 90. Kila sehemu hupata alama 118 hadi 132, jumla 472 hadi 528. Saikolojia na sosholojia ziliingia mwaka 2015 na huja mwisho kabisa, wakati kichwa kimeshachoka. Saikolojia hubeba takriban asilimia 65 ya sehemu hiyo, sosholojia 30, kilichobaki ni biolojia. Baiokemia haina sehemu yake, lakini ni kama robo ya maswali ya biolojia na robo nyingine ya maswali ya kemia na fizikia. Anayesema ataisoma mwisho mwisho anachezea sehemu mbili kwa mpigo.

Tatizo la aliyekulia Nairobi si kukosa mifano. Mifano tunayo hadi ya kugawa. Shida ni kwamba tunajibu kwa busara ya maisha, ilhali mtihani unataka dhana moja itengwe na jirani zake watatu wanaofanana nayo. Majibu yote manne huonekana kuwa na ukweli fulani, na mtu mwenye akili ya mtaa ndiye huteleza, kwa sababu anaweza kulitetea lolote kati yao.

Chukua umati. Mwaka 1964 mwanamke aitwaye Kitty Genovese aliuawa New York, na magazeti yakadai majirani wengi walisikia bila kufanya lolote. Madai hayo baadaye yalionekana kutiwa chumvi, lakini yaliwasukuma wanasaikolojia Latané na Darley kufanya majaribio yao, na mwaka 1968 wakaonyesha kwamba watu wanavyozidi kuwa wengi, ndivyo kila mmoja anavyoona jukumu ni la mwenzake. Nairobi jambo hili tumelipanda kila siku: dereva wa matatu anapita kwa kasi ya kutisha, abiria kumi na wanne wamenyamaza, kila mmoja anangoja mwingine aseme. Kampeni ya Zusha! ililenga hapo hapo. Vibandiko vilibandikwa ndani ya gari kuwahimiza abiria wapaze sauti, na watafiti walipolinganisha matatu zenye vibandiko na zisizo navyo, waliona madai ya bima yamepungua kwenye zile zenye vibandiko.

Sasa geuza. Pale River Road mtu anapiga kelele "Mwizi!" na watu wapole wanaotoka kazini wanaokota mawe. Umati ni ule ule, lakini jibu si lile. Hapa mtu amejipoteza ndani ya kundi, hajulikani, damu imechemka, naye anatenda ambalo peke yake asingethubutu. Na mkikaa kikao cha chama, mkajadili, mkatoka na msimamo mkali kuliko aliokuja nao yeyote kati yenu, hiyo ni dhana ya tatu: kundi limesukumana kuelekea ncha. Jiulize mambo mawili kabla hujachagua: je, watu walitenda au waliacha kutenda? Na je, walijadiliana kwanza? Maswali hayo mawili yanaondoa majibu matatu.

Skinner, mwanasaikolojia wa tabia, naye ana mtego wake. Katika lugha yake, "chanya" ni kuongeza kitu na "hasi" ni kuondoa kitu. Uzuri na ubaya haumo. Kiboko ni adhabu chanya, ingawa kiliuma vya kutosha kabla ya kupigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Kunyang'anywa simu ni adhabu hasi. Kumeza panado kichwa kikatulia, kesho ukameza tena, ni kuimarishwa kwa tabia kwa njia hasi, na hili ndilo watu hulikosea zaidi kuliko jingine lolote. Angalia tabia: ikiongezeka, imeimarishwa, ikipungua, imeadhibiwa. Kisha ndipo uulize kimeongezwa au kimeondolewa nini.

Ratiba za kuimarisha tabia zote nne ziko mtaani. Manamba anayelipwa kwa kila gari alilojaza yuko kwenye uwiano usiobadilika. Anayebeti yuko kwenye uwiano unaobadilika, na hiyo ndiyo ratiba ngumu kuliko zote kuizima, kama mke wa yeyote anayebeti atakavyokuthibitishia. Askari wa getini na mshahara wake wa mwisho wa mwezi: muda usiobadilika. Na wewe unayefungua mfereji kila mara kuona kama maji ya mgao yamerudi uko kwenye muda unaobadilika, kwa sababu kufungua mara nyingi hakuyaharakishi maji.

Sosholojia inahitaji tahadhari ya aina nyingine, kwani imetungwa kwa jicho la jamii ya huko. Nairobi ulijulikana kwa mtaa, shule, kabila na mama yako. Umetua Dallas, na kabla hujafungua mdomo umeshakuwa "mweusi", na hilo linatangulia mengine yote uliyo nayo. Hadhi inayozimeza hadhi nyingine kwa namna hiyo ina jina lake kwenye mtihani, "master status", na wewe umeishi ndani yake. Vivyo hivyo dai kwamba rangi ni kitu kilichoundwa na jamii: mzaliwa wa kule hulisoma kitabuni, wewe umevuka mpaka ukaona mwenyewe maana yake inabadilika kwenye uwanja wa ndege.

Wengi wenu mnafanya kazi ya kutunza wazee usiku huku mnasoma mchana. Zamu yako na mtihani wako vikigongana, hapo majukumu ya hadhi mbili tofauti yamepingana. Lakini ukitakiwa zamu hiyo hiyo umhudumie mzee kwa upole bila haraka na pia uwe umewaogesha wote kabla ya saa moja asubuhi, huo ni mvutano ndani ya jukumu moja. Hesabu hadhi. Zikiwa mbili, ni mgongano; ikiwa moja, ni mvutano.

Bourdieu, mwanasosholojia Mfaransa, nisingempita haraka, kwa sababu anakuhusu nje ya mtihani pia. Mtaji wa kijamii ni watu ulio nao: chama, kanisa, mtu wa kwenu aliye hospitali fulani. Mtaji wa kitamaduni ni kujua mambo yanavyokwenda, kwa mfano kwamba profesa anatakiwa kutembelewa ofisini kwake muhula mzima ili siku ya barua ya mapendekezo akukumbuke. Sisi tuliofundishwa kumheshimu mwalimu kwa kukaa mbali naye huumia hapo, na hakuna anayetuambia.

Nadharia za hisia na hatua za ukuaji za Piaget, Erikson na Kohlberg ni za kukariri tu. Zigawe vipande vidogo, uzirudie kwa siku zilizoachana. Ebbinghaus, mtafiti wa kumbukumbu, alishaonyesha tangu 1885 kwamba marudio yaliyotawanywa hushinda ya usiku mmoja.

Baiokemia ni kinyume chake. Hapa kukariri peke yake kutakuangusha, isipokuwa asidi amino 20, ambazo huna budi kuzijua kwa umbo, kwa chaji na kwa herufi moja moja. Baada ya hapo, kila kitu ni kutabiri: nikibadilisha hiki, nini kitasogea?

Chang'aa iliyotiwa methanoli, ambayo Kenya imewapofusha na kuwaua watu zaidi ya mara moja, ni somo zima ndani ya chupa. Methanoli yenyewe haina sumu kali. Kimeng'enya cha ini, alkoholi dehidrojenasi, huigeuza fomaldihaidi, kisha kimeng'enya kingine hutoa asidi ya fomiki. Asidi hiyo huzuia saitokromu c oksidasi katika mitokondria, na neva ya jicho ni kati ya vinavyoumia mapema. Hospitalini mgonjwa hupewa fomepizoli, dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho cha kwanza, au ethanoli yenyewe. Ethanoli hugombea nafasi ile ile kwenye kimeng'enya, nacho hushikana nayo vizuri zaidi kuliko methanoli, yaani Km yake, kiwango kinachotosha kukifikisha kimeng'enya nusu ya kasi yake ya juu, ni ndogo. Mbele ya kizuizi cha kugombea, Km ya methanoli inaonekana kupanda lakini Vmax, kasi ya juu kabisa ya kimeng'enya, haiguswi, na kwenye mchoro wa Lineweaver-Burk mistari hukutana kwenye mhimili wa wima. Kizuizi kisichogombea kingeshusha Vmax na kuiacha Km ilivyo. Ukiweza kuisimulia safari hiyo kutoka kwenye chupa hadi kwenye grafu bila kuangalia daftari, maswali mengi ya vimeng'enya umeshayamaliza.

Fanya hivyo hivyo na selimundu, ugonjwa wa watu wa Pwani na wa kando ya Ziwa Victoria. Glutamati ya nafasi ya sita kwenye mnyororo wa beta imekuwa valini: yenye chaji hasi imeondoka, inayokimbia maji imeingia. Kwa hiyo hemoglobini zinashikamana zikikosa oksijeni, na kwenye elektroforesisi, kipimo cha kutenganisha protini kwa umeme, ile ya selimundu husogea polepole zaidi kuelekea upande chanya.

Kuhusu kujiandikisha: unaruhusiwa kufanya mtihani mara tatu kwa mwaka, nne katika miaka miwili inayofuatana, saba maishani, na uliyoifuta siku hiyo hiyo inahesabiwa pia. Mwenye kipato kidogo aombe nafuu ya ada ya AAMC, inayowafikia raia wa Marekani, wakaazi wa kudumu na waliopewa hadhi ya ukimbizi. Iombwe kabla ya kujiandikisha, hairudi nyuma. Na jina. Wengi wetu tuna majina matatu, la baba likiwa katikati kwenye cheti na mwisho kwenye kadi ya kijani. Jina la kwanza na la mwisho ulilojiandikishia lifanane na la kitambulisho utakachobeba, la sivyo utarudishwa mlangoni.