Kabla Hujajaza Usimamizi wa Biashara Kwenye Fomu ya Chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wengi wa Masasi, Newala, Nachingwea na Mtwara mjini huchagua usimamizi wa biashara kwa sababu moja: ni kozi pana, mtu hakosi pa kushika. Naipenda kozi hii na kila anayeniuliza namwambia aisome. Ila upana huohuo ndio unaomdai mwanafunzi wake maandalizi mengi kuliko mwenzake anayekwenda uuguzi. Nesi anahitimu akiwa na kazi yenye jina. Wewe utahitimu na shahada inayopokelewa katika ofisi nyingi, lakini haikupi kiti katika yoyote mpaka uwe umechagua tawi lako na kulifanyia kazi ukiwa bado chuoni.

Jua kwanza unakwenda kusoma nini. Mwaka wa kwanza ni kanuni za uhasibu, uchumi, hisabati ya biashara, takwimu na sheria ya biashara. Baadaye huja masoko, fedha, rasilimali watu, ununuzi, ujasiriamali na utafiti. Anayedhani ni kozi ya kuongea mbele ya watu na kuvaa tai hukwama kwenye takwimu, na wengi hukwama hapo kweli. Kama hisabati uliiaga kidato cha nne, tumia miezi ya kusubiri chuo kurudia asilimia, riba na grafu. Jifunze na Excel, hata kwa kuazima kompyuta ya jirani. Mihadhara ni ya Kiingereza, basi soma habari za uchumi kwa Kiingereza kila siku ili masikio na macho yazoee.

Kuhusu sifa, kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa aliyemaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi (principal pass) yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinafika. Hata hivyo kila chuo huongeza masharti yake, na kwa biashara sharti linalowakwamisha wengi ni hisabati. Soma kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, mstari kwa mstari kabla ya kulipia ombi lolote. Aliyepungukiwa pointi asikae nyumbani: Taasisi ya Uhasibu Tanzania, yaani TIA, ina kampasi hapahapa Mtwara, na mtu anaweza kuanza na astashahada, akaja stashahada, kisha shahada. Ni njia ndefu zaidi, lakini anayeipita huwa ameshazishika hesabu kwa mkono kabla wenzake hawajazisoma kwenye kitabu.

Sasa fedha, na hapa nawasemesha wazazi na wajomba. Huku kwetu mjomba ana sauti katika masomo ya mpwa wake, basi aitwe kwenye kikao mapema, asipigiwe simu wiki ya kufungua chuo. Vyuo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, wakati minada ya korosho ndiyo kwanza inaanza na malipo ya wakulima hayajatulia. Ada ya awamu ya kwanza, chumba na nauli vinadaiwa kabla fedha haijaingia kwenye akaunti. Familia inayotegemea korosho iweke kando fungu la ufuta au mbaazi, ambazo huuzwa miezi ya kabla yake. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu uombwe, ila bajeti isijengwe juu yake peke yake. Bodi hupanga kozi kwa makundi ya vipaumbele, na kwa kawaida biashara haiko kundi la kwanza, kwa hiyo unaweza kupata asilimia ndogo au kukosa. Tena ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka liishe.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote halina gharama. Kabla hujaondoka, nenda kwenye chama cha msingi cha kijijini kwenu, AMCOS, ukae na karani siku ya mizani. Mtwara ndiko mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima kuweka mazao ghalani kwa risiti yakauzwe mnadani, ulikoanzia kwa korosho, mwaka 2007, na karibu kila somo utakalofundishwa chuoni lipo pale mbele ya macho yako. Omba karatasi ya malipo ya mzee wako, uisome. Tuseme bei ya mnada ilikuwa shilingi 3,000 kwa kilo na makato yote shilingi 250. Mzee aliyepeleka kilo 840 atapokea shilingi 2,310,000. Fuatilia kila kato: ushuru wa halmashauri, ghala, usafirishaji, chama cha msingi, chama kikuu. Uliza kila fungu linalipia huduma gani na nani aliliidhinisha mkutanoni. Halafu rudi nyumbani uandike kilichotumika: palizi, vibarua wa kuokota, salfa ya ziada iliyonunuliwa pale ruzuku isipotosha. Fedha hiyo ilitoka kuanzia Mei na Juni, lakini mauzo yakalipwa Novemba. Miezi hiyo ya katikati ndiyo inayomsukuma mkulima kwa mnunuzi wa kangomba, anayechukua korosho kwa bei ya kutupa kwa sababu yeye analipa leo. Mwalimu atakapokuja na mada ya mtiririko wa fedha, wewe utakuwa umemwona baba yako akilala nayo.

Katika pitapita hiyo ndimo utakapogundua tawi lako. Kama ulivutiwa na makato na mahesabu, elekea uhasibu au fedha, na ujue kwamba matangazo mengi ya kazi ya uhasibu hutaka CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu ambacho mitihani yake inasimamiwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Mwenye shahada ya uhasibu huanzia mitihani hiyo ngazi ya juu kuliko mwenye shahada ya biashara ya jumla, kwa hiyo uamuzi huu ufanyike kabla ya fomu. Kama ulivutiwa na magari, maghala na meli, tazama ununuzi na ugavi, ambao una bodi yake, PSPTB. Bandari ya Mtwara inasafirisha korosho, kiwanda cha saruji cha Dangote kiko Msijute, gesi inachimbwa Mnazi Bay na Songo Songo. Sehemu hizo zote zinahitaji watu wa mikataba, vipuri na mizigo. Kama ulivutiwa na watu, soma rasilimali watu au ushirika. Vyama vyetu vikuu, kuanzia MAMCU na TANECU hadi RUNALI, vinashika fedha nyingi za wakulima na vinahitaji mameneja wanaojua hesabu na wanaoogopa Mungu.

Zipo pia nafasi za afisa biashara wa halmashauri na afisa mikopo wa benki. Ajira za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira, na usaili wa kuandika huwachuja wengi, basi usidhani kwamba kujulikana na mtu kunatosha. Anayetaka kujiajiri, tuseme kubangua korosho au kufungasha ufuta, ajifunze mapema taratibu za BRELA, wakala wa kusajili biashara, za namba ya mlipakodi na za leseni. Aulize pia mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo vijana wana asilimia 4. Mkopo huo unataka kikundi kinachoaminiana, na kikundi hakijengwi kwa wiki moja.

Mwisho ni karatasi, maana zinaangusha wengi waliofaulu. Baada ya mtihani, vijana wengi huwa kambini JKT kwa mujibu wa sheria, na huko ndiko madirisha ya mkopo na ya chuo huwakuta. Kabla hujapanda gari la kwenda kambini, hakikisha cheti chako cha kuzaliwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo nacho kihakikiwe. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule liwe moja, herufi kwa herufi. Ukiona Mohamed huku na Muhammad kule, anza kurekebisha leo. Mwachie nyumbani mtu mmoja unayemwamini nakala zote, namba yako ya mtihani na laini ya simu uliyojisajilia, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho utaingia kwenye laini hiyo ukiwa huna simu mkononi.