Kuwafuatilia Detepwani Dume na Jike Ufukweni Luchelele

Ukitaka kujua ndege wa ziwani wanahamahama vipi hapa Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, anza na detepwani, yule mdiria mweusi na mweupe anayepigapiga mabawa akiwa palepale hewani kisha anajitosa majini. Mdiria mdogo wa buluu anapendeza zaidi, lakini dume na jike wake huwezi kuwatofautisha kwa macho. Detepwani tazama kifua. Dume ana mikanda miwili myeusi, wa juu mpana na wa chini mwembamba. Jike ana mmoja, na mara nyingi umekatika katikati. Ukiona mgongo tu, andika "sijui" uendelee.

Wanaowachanganya watu hasa ni makinda. Wakitoka shimoni wote wana mkanda mmoja wa kijivujivu, dume kwa jike, na asiyejua atasema majike wamehamia Luchelele kumbe ni watoto wa hapohapo. Angalia kama mkanda umefifia na manyoya ya koo yana kingo za kahawia. Hao wape safu yao kwenye daftari.

Chagua kipande kimoja cha ufukwe usikibadilishe. Mimi natoka kwenye mawe hadi mwaloni, wanakoegesha mitumbwi wavuvi, saa moja asubuhi, kabla upepo haujachafua maji. Naandika upepo na mwezi pia, kwa sababu mbalamwezi ikikolea wavuvi wa dagaa hupumzika, mitumbwi inajaa ufukweni, na ndege wanapata pa kutua. Usipoandika hilo utadhani msimu umebadilika. Na usiingie majini kuwafuata, kichocho kipo.

Detepwani huvua hata mbali na nchi kavu, kwa hiyo ufukwe mtupu saa nne haimaanishi wamehama. Rudi jioni wanapokusanyika kulala kwenye mafunjo na matete. Hesabu ya jioni naiamini zaidi, ila mwanga ukipungua mikanda haionekani, basi wahi.

Tafuta pia kingo za mchanga wanakochimba mashimo ya kutagia. Kaa mbali, utazame nani anaingia na samaki mdomoni. Ukiona madume watatu na jike mmoja kwenye shimo moja, hujakosea. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer, aliyewachunguza detepwani wa Ziwa Victoria na wa Naivasha, Kenya, alikuta madume wasio na wenza wakisaidia kulisha: wengine ni watoto wakubwa wa jozi hiyo, wengine si ndugu kabisa. Huku kwetu Ziwa Victoria, ambako kulisha makinda ni kazi ngumu zaidi, hao wasio ndugu walipokelewa, Naivasha walifukuzwa. Ndiyo maana dume mpya kwenye ukingo namwandikia tarehe aliyotokea.

Maji ya ziwa nayo yafuate. Mwaka 2020 yalipanda yakafunika fukwe nyingi, na ukingo uliozama hauna shimo la kutagia. Wachota mchanga nao huubomoa.

Linganisha masika na masika, vuli na vuli. Machi na Oktoba hazilingani. Siku usipoona hata mmoja, andika sifuri, maana nafasi tupu haisemi kama ulikwenda. Ukiwa na simu, ingiza hesabu kwenye eBird, daftari la mtandaoni la watazama ndege. Kuna sehemu ya jinsia na umri ambayo wengi wanairuka. Ijaze.