Jinsi ya Kuomba Rekodi za Zabuni Walizopewa Wanawake, Vijana na Watu Wenye Ulemavu Katika Kaunti Yako

Sheria ya ununuzi wa umma ya Kenya ya 2015 inataka angalau asilimia 30 ya ununuzi wa serikali itengewe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO, yaani fursa za kupata zabuni za serikali. Lakini kutenga si kulipa. Ukitaka kujua nani hasa alilipwa, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuuliza.

Anza na maneno ya ombi lenyewe, na hapa usiwe na haraka. Ukiomba tu "takwimu za wanawake" unaweza kupewa idadi ya vyeti vya AGPO, yaani biashara zilizosajiliwa tu, na cheti si zabuni. Andika hivi:

"Naomba orodha ya zabuni zote zilizotolewa chini ya AGPO mwaka wa fedha 2023/2024: jina la biashara, kundi lake, thamani ya mkataba, kiasi kilicholipwa na tarehe ya malipo. Naomba pia jumla ya bajeti ya ununuzi ya mwaka huo, na ripoti za kila miezi 6 mlizowasilisha kwa PPRA, mamlaka ya kudhibiti ununuzi wa umma."

Bila ile jumla huwezi kupiga hesabu ya asilimia 30. Tarehe ya malipo nayo usiiache kamwe: mama aliyekopa ili awasilishe mzigo, kisha akangojeshwa hela zake miezi kadhaa, riba humla faida yote.

Barua iwe kwa Kiswahili au Kiingereza, sheria ya kupata habari inakubali zote mbili. Mwandikie afisa wa habari wa kaunti. Hulazimiki kueleza sababu, na ombi halilipiwi. Gharama pekee ni ya kutoa nakala. Asiyeweza kuandika aeleze kwa mdomo, afisa ana wajibu wa kumwandikia. Nenda na nakala mbili, yako igongwe muhuri wenye tarehe.

Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Rekodi zikiwa nyingi, wanaweza kuongeza siku 14, mara moja tu.

Wakinyamaza, kisheria wamekukatalia. Una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Ambatisha ile nakala yenye muhuri.