Kuchanganya jiki ya wodini na kusafisha damu iliyomwagika

Harufu kali ya jiki si kipimo cha usafi. Ndoo inaweza kunukia wodi nzima na isiue kitu, ama kwa kuwa ilichanganywa kwa kukisia, ama ilimwagwa juu ya damu ambayo haijafutwa. Klorini, yaani dawa iliyomo ndani ya jiki, ikikutana na damu, matapishi au usaha, nguvu yake huishia humohumo kabla haijawafikia vijidudu. Kwa hiyo uchafu huondolewa kwanza, dawa hufuata.

Kwa damu iliyomwagika tunahitaji klorini ya asilimia 0.5. Soma lebo, maana chupa hazifanani. Chukua asilimia iliyoandikwa, gawanya kwa 0.5, kisha toa 1: jibu ni sehemu za maji kwa kila sehemu 1 ya jiki. Jiki ya asilimia 3.5 inahitaji sehemu 6 za maji. Ya asilimia 5, sehemu 9. Kipimo chaweza kuwa kikombe au jagi, mradi kisibadilishwe katikati. Unga wa klorini wa asilimia 70 pima kwa mzani: gramu 7 hivi kwa lita, yaani takriban gramu 143 kwa ndoo ya lita 20. Tia maji kwanza, unga baadaye.

Maji yawe baridi, kwa sababu maji ya moto huidhoofisha klorini. Changanyia penye hewa, ukiwa umevaa glavu nzito, aproni na miwani. Usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo wala dawa yenye amonia. Gesi inayotoka hapo huunguza mapafu. Funika ndoo, iweke mbali na jua, andika saa uliyochanganya. Baada ya saa 24, au ikichafuka kabla ya hapo, imwage uchanganye nyingine.

Damu ikimwagika, zuia watu wasipite. Kama kuna vioo vilivyovunjika, viondoe kwa koleo au kwa brashi na kizoleo, si kwa mkono hata wenye glavu, uvitie kwenye sanduku la vitu vyenye ncha kali. Funika damu kwa karatasi au kitambaa kinachonyonya, ikusanye kuanzia pembeni kuelekea katikati, tupa kwenye pipa la taka zenye maambukizi. Osha mahali hapo kwa maji na sabuni, suuza. Sasa paka klorini, pabaki pameloa dakika 10. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanapaka na kufuta papo hapo. Dakika zikitimia, futa kwa maji safi, hasa kwenye vitanda na toroli za chuma, zisije zikaliwa na kutu. Vua glavu, nawa mikono kwa sabuni.

Usipulize klorini kwa bomba. Matone hayalowanishi sehemu zote sawasawa, na mgonjwa na mhudumu huyavuta kifuani.

Kwa usafi wa kila siku, anza palipo safi umalizie palipo pachafu, juu kwenda chini, chooni mwisho. Tambara la chooni lisiguse kitanda. Matambara ya deki yanayolala ndani ya ndoo ya maji machafu hugeuka kitalu cha vijidudu, na kesho yake mhudumu huvisambaza wodi nzima kwa bidii: yafue, yakamue, yaanike juani yakauke kabisa.