Kupogolea miparachichi mikubwa na kuikinga na fuko: kagua chini kabla hujakata juu

Nimeandika hii baada ya kumsaidia jirani huku Siha, Kilimanjaro. Ana miparachichi kadhaa mikubwa ya aina ya Hass na mingine midogo aliyopanda kuzibia mapengo, na baadhi ikaanza kunyauka upande mmoja wakati udongo una unyevu wa kutosha kabisa. Akashika panga apunguze matawi. Nikamwambia mzee, ngoja kwanza, tuangalie mizizi, maana mti ulioliwa na fuko unafanana sana na mti wenye kiu au mti uliozidiwa na matawi, na ukianza kukata bila kujua sababu utakata leo, wiki ijayo utakata tena, fuko yuko chini anaendelea kula.

Hatua ya 1: Kagua mti

Shika shina karibu na udongo utikise. Mti mdogo ulioliwa unacheza kama jino bovu. Kwa mkubwa hutaona hilo, angalia vilima vya udongo vilivyo freshi, yaani udongo mweusi wenye unyevu, umesukumwa juu na hakuna tundu linaloonekana. Ukifukua pembeni utakuta mizizi imekatwa na ina mikwaruzo miwili miwili, hayo ni meno ya mbele. Fuko wetu huyu anachimba kwa meno, kucha zake ni za kusukumia udongo tu.

Kama hakuna dalili nenda moja kwa moja hatua ya 3.

Hatua ya 2: Mtoe fuko

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima kwa hiyo nitakaa sana.

Kwanza sahau sumu. Najua kuna watu wanapaka dawa za wadudu kwenye kiazi wanakitumbukiza shimoni, ile ni hatari kwa mbwa, kwa bundi wanaotusaidia kula panya, na kwako wewe unayeshika udongo ule kila siku. Maji nayo usimwage. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, chenye mteremko maji yanakimbia tu, na pale yanapotuama unaukaribisha ugonjwa wa kuoza mizizi, na parachichi haivumilii kabisa mizizi kukaa kwenye maji. Moshi wa pilipili nao, fuko akisikia harufu anaziba njia yake kwa udongo, basi umechoma pilipili bure. Wengine wanapanda utupa, mmea unaosemekana kumfukuza fuko, kuzunguka shamba, sikukatazi, ila usiutegemee peke yake.

Mimi naamini mtego wa kitanzi, ule wa wazee, na naamini hakuna kilichouzidi.

Tafuta njia iliyo hai. Usichimbe kwenye kilima chenyewe, kilima ni taka alizotoa, njia kuu iko pembeni. Chukua nondo nyembamba au mti uliochongwa, choma udongo kuzunguka kilima kipya kama hatua moja hivi, taratibu, mpaka usikie nondo imezama ghafla bila nguvu. Hapo fungua kwa jembe upana wa kiganja. Utaona tundu la mviringo, kuta zake laini kabisa zimeshindiliwa. Sasa usitege bado! Acha wazi, nenda kafanye kazi nyingine, rudi baada ya saa moja au mbili. Ukikuta kumezibwa kwa udongo mpya, yupo na anaitumia. Ukikuta wazi vile vile mpaka kesho yake hiyo njia ameshaihama, tafuta nyingine. Hiki kipimo watu wanakiruka halafu wanasema mitego haifanyi kazi.

Kinachomleta ni hewa. Hataki upepo uingie kwenye njia yake, akihisi anakuja kuziba huku anasukuma udongo mbele yake. Mtego wote unategemea tabia hiyo moja.

Kutega: chomeka fito imara inayopinda pembeni ya shimo, iwe ya mti mbichi, mkavu unavunjika. Kitanzi natumia waya wa breki ya baiskeli, unateleza vizuri na haupindi ovyo. Kitanzi kikae ndani ya njia kikigusa kuta pande zote, asikione kama kizuizi. Fuko atatokea upande wa njia ilikozibwa, kwa hiyo nyuma kidogo ya kitanzi, ili aufikie akiwa ameshaingia kitanzini, pitisha uzi wa katani ukatishe njia, huo uzi ndio unashikilia fito iliyopinda. Akija atausukuma au ataukata kwa meno, fito inaruka juu na kitanzi kinabana.

Sasa tahadhari zake. Moja, safisha udongo wote uliolegea ndani ya njia urefu wa mkono, la sivyo akija anasukuma lundo, lundo linafyatua mtego kabla yeye hajafika, na utakuta kitanzi kimebana udongo mtupu. Mbili, harufu ya mkono. Sugua mikono na udongo wa pale pale na majani kabla ya kushika chochote, na usitege ukitoka kunawa kwa sabuni. Tatu, funika juu kwa majani na udongo kidogo ila acha upenyo mdogo wa hewa, ukiziba kabisa hana sababu ya kuja. Nne, njia ina pande mbili, kama hujui yuko upande gani tega zote mbili. Tano, weka alama na ukague asubuhi na jioni, mnyama asiteseke humo, na watoto wasikanyage.

Fuko huyu anaishi peke yake, kwa hiyo ukimpata umemaliza njia ile. Lakini njia tupu ni nyumba ya bure, mwingine anahamia, basi ifukue ujaze udongo ushindilie.

Na tafadhali, viazi vitamu katikati ya miparachichi midogo ni kumwekea fuko mezani. Najua eneo ni dogo na watoto wanakula, ila vipeleke upande mwingine wa shamba.

Hatua ya 3: Pogolea

Wakati mzuri ni baada ya kuvuna, kabla maua hayajatoka. Weka panga chini. Panga linachana gome na kuacha kidonda chenye nyuzi nyuzi, maji yanakaa humo na kuoza kunaanza. Tumia msumeno wa kupogolea ule uliopinda, na mkasi kwa vijiti vidogo. Kila ukihama mti futa chuma kwa Jik (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) sehemu moja maji sehemu tisa.

Anza na maotea yote yaliyo chini ya pale mti ulipobebeshwa, yale ni ya shina la kienyeji hayatakupa Hass. Halafu matawi yanayogusa ardhi, nyanyua mpaka kama sentimita 60 hivi. Halafu yaliyokufa na yanayosuguana.

Kileleni usinyoe kama ua wa nyumba! Hass inatoa maua kwenye ncha za matawi, ukikata ncha zote umekata mavuno ya msimu ujao na mti unajibu kwa kutoa vichipukizi virefu vya wima visivyozaa. Chagua tawi moja kubwa linalopanda wima katikati, litoe lote kwenye asili yake, mwanga uingie. Mwakani jingine. Hivyo hivyo mpaka mti ushuke mita 4 au 5 uweze kuvuna bila kuhatarisha mtu. Kwa msimu mmoja usitoe zaidi ya theluthi.

Tawi zito kata mara tatu: kwanza kidogo kutokea chini, mbali na shina, kisha kutokea juu mpaka lianguke, kisha kisiki, ukiacha ule uvimbe wa shingo ya tawi.

Gome la parachichi likipigwa jua ghafla linaungua. Paka chokaa au rangi nyeupe ya maji, nusu rangi nusu maji, siku hiyo hiyo.

Mti ulioliwa mizizi pogolea hata kama si msimu wake, mizizi iliyobaki haiwezi kulisha majani yote. Toa matunda pia. Mbolea ya chumvichumvi subiri mpaka uone machipukizi mapya.

Hatua ya 4: Miche mipya iweke ndani ya waya

Shimo futi 2 kwa 2, ndani yake kikapu cha waya meshi wa mabati wenye matundu ya nusu inchi. Waya wa banda la kuku ni rahisi lakini ni mwembamba, unaoza mapema. Mdomo wa kikapu utokeze juu ya udongo kama shubiri moja, maana fuko usiku anaweza kutembea juu pia. Kiwe kipana, kikibana mizizi umejitengenezea tatizo jingine. Mizizi itapenya matundu baadaye, ni sawa, lengo ni kuuvusha mche miaka ile ya mwanzo.

Matandazo weka, ila yaanze sentimita 30 kutoka kwenye shina ili kilima kipya kikitokea ukione asubuhi hiyo hiyo.